Saa Haina Ndugu

S.L.P. 77,
Harlan's Ferry,
Mississippi.

9 Septemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Cleophus,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Lorna na watoto, na kwamba baridi ya huko Regina bado haijawafungia mlango. Goti la kushoto linasemaje? Dada yetu Ouida ananiambia asubuhi unatembelea mkongojo, na wageni wakija unauficha nyuma ya kabati. Usiufiche. Mtu aliyegongwa na wanaume wazima kwa miaka tisa ana haki ya kushika fimbo.

Mimi nipo. Zaidi ya hapo siwezi kuandika bila kusema uongo, na uongo ndio ninaotaka kuupunguza. Moyo umechoka, miguu imevimba mpaka soksi hazipandi, na daktari amenishauri nihesabu wiki, si miezi. Nadine, binti wa Ouida, amehamia chumba cha nyuma na sasa ananitawala. Juzi nilimwomba mkate wa mahindi na kipande cha nyama ya nguruwe ya moshi. Akanijibu, "Mjomba, ukitaka kufa kwa chumvi, subiri niwe kazini." Kwa hiyo nakula uji wa shayiri usio na chochote, kama farasi mwenye adabu.

Mwandiko huu usikutishe. Naandika mistari michache, napumzika, naendelea. Leo ni siku ya nne.

Habari za hapa ni chache. Kiwanda cha mbao kimebomolewa kabisa, hata bomba lake la moshi, na mahali pake wameweka uwanja wa kuuzia magari makuukuu. Shemasi Purvis amefariki. Kanisa limepata mapazia mapya ya zambarau, na akina mama wamegawanyika makundi mawili juu ya mapazia hayo. Ouida yuko katika kundi linalopiga kelele zaidi, kama unavyomjua.

Sasa nije kwenye simu yako ya tarehe kumi na nne Agosti.

Ulipiga ukiwa na furaha nyingi hata ukaanza kucheka kabla ya kusema jambo lenyewe. Jimbo letu limekuchagua kuingia katika ukumbi wa heshima wa wanamichezo. Sherehe ni tarehe kumi na nane Oktoba, kule Jackson, na kila anayeingizwa hutambulishwa na mtu mmoja aliyemchagua mwenyewe. Ukasema, "Nani mwingine, Kaka? Simama uwaambie habari ya saa." Nikasema kifua kinanibana. Ukasema, "Basi utakaa kwenye kiti, nasi tutakushikia kipaza sauti. Wewe mwalimu bwana, lini umeshindwa kuongea?" Nikakatisha simu kwa kusingizia kwamba Nadine amekuja na dawa. Nadine alikuwa kazini.

Siwezi kukutambulisha, Cleophus. Si kwa sababu ya moyo huu, maana ningeweza kubebwa mpaka Jackson kwenye kitanda. Siwezi kwa sababu habari ya saa, kama wewe unavyoisimulia na kama watu watakavyopiga makofi wakiisikia, si kweli. Mimi ndiye mtu pekee aliye hai anayejua hivyo. Nimeona nikuambie kabla ya tarehe hiyo, ili usije ukasimama mbele za watu na kunishukuru tena.

Nianze na wivu, kwa kuwa huo ndio mama wa mengine yote.

Miaka kumi na miwili kabla hujazaliwa, na miaka mingi baada ya hapo, mkimbiaji wa nyumba yetu nilikuwa mimi. Hukuwahi kuniona nikikimbia, ulikuwa mdogo mno. Mwaka 1957 nilishinda robo maili katika mashindano ya shule za weusi za jimbo zima. Nilirudi nyumbani na utepe wa kitambaa cha buluu kifuani, nikauvaa ndani ya basi njia nzima. Baba alikuwa ametoka kwenye msumeno wa kiwanda cha mbao. Akautazama ule utepe, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Vizuri. Kuni za mama yako zimeisha." Nikaenda kupasua kuni. Sikumlaumu. Siku zile mtu mweusi akikosa siku moja kiwandani, kesho yake alimkuta mwingine ameshika nafasi yake. Hakuwahi kuja kunitazama hata mara moja, nami nilijifundisha kwamba baba zetu hawakuwa watu wa kutazama.

Kisha ukaja wewe. Ulipofika miaka tisa wanaume walikuwa wamekwisha kukupa jina la Mbu, kwa kuwa kila aliyejaribu kukupiga alijipiga mwenyewe. Ulipofika miaka kumi na mitano na kuanza kubebea shule mpira, huu wetu wa Kimarekani wa kukumbatia na kukimbia nao, Baba, Baba yule yule, alianza kumwomba msimamizi wake amruhusu kutoka mapema siku za Ijumaa. Alikaa kwenye ubao wa juu kabisa na kofia yake magotini. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu katika shule hiyo hiyo, na suti mbili, na shahada ukutani. Nilikuwa nikimwona kutoka dirishani. Mimi nilisomeshwa, wewe ulitazamwa. Ningekupa shahada ile bure.

Hata kinyozi hakuniacha. Nilikuwa nikikaa tu kwenye kiti, Shemasi Purvis, mkasi mkononi, anaanza: "Profesa, mdogo wako jana kakimbia yadi mia na tisini. Wewe ulikimbia ngapi?" Nami nikimjibu, "Nilikimbia makosa ya mtoto wako kwenye daftari, shemasi, na bado sijayamaliza." Watu walicheka. Nilikuwa na ulimi mzuri, na watu hawamshuku mtu mwenye ulimi mzuri.

Sasa Krismasi ya mwaka 1972.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Chuo chenu kilikuwa kimefungwa, na yule msaka vipaji, Bwana Haskell, alikukosa huko akaja kukutafuta nyumbani. Unakumbuka kwamba alikuwa akipeleka taarifa zake kwa timu tisa za kulipwa kwa mpigo, kwa hiyo namba moja kwenye daftari lake ilikuwa sawa na namba tisa. Alitaka kukupima yadi arobaini, mbio ile fupi ambayo wao humkadiria mbeba mpira maisha yake yote kwayo. Uwanja wa shule ulikuwa na kufuli na mimi nilikuwa na ufunguo. Viatu vyako vya kukimbilia vilibaki chuoni, ukavaa vyangu vya zamani.

Alishuka kwenye gari, akanyoosha mkono, akaniita Profesa, kama weupe wa kwetu walivyomwita kila mwalimu mweusi ili wasimwite Bwana. Saa yake ya kupimia mbio ilikuwa imeingia maji.

"Profesa, wanasema wewe ndiye kocha wa riadha hapa. Una saa?"

"Ninayo."

"Basi wewe tazama saa, mimi nitatazama miguu. Miguu haidanganyi."

Ukadakia kutoka mstarini, "Na Kaka naye hadanganyi, bwana. Huyu alimfelisha dada yake wa damu!"

Ni kweli nilimfelisha Ouida hesabu, kwa alama mbili, na mji mzima ulijua. Ile haki niliyomtendea Ouida ndiyo iliyonifunika siku ile. Mtu aliyemfelisha dada yake, nani angemwuliza juu ya saa?

Ndipo nikamwona Baba. Alisimama nyuma ya uzio wa waya, vumbi la mbao likiwa bado mabegani, saa nne ya asubuhi, siku ya Alhamisi. Katika miaka thelathini na mmoja mtu yule hakuwahi kuacha msumeno wakati mashine inazunguka. Siku zile za Ijumaa alikuwa akiomba ruhusa, lakini siku ile, Mama aliniambia baadaye, hakuomba. Alizima mashine yake na kutoka. Alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili, kama mtu aliye kanisani.

Uliondoka. Niliibonyeza saa pale mkono wako ulipoinuka kutoka ardhini, kama inavyotakiwa, na nikaibonyeza tena pale kifua chako kilipopita mstari. Nilifanya kazi safi, na nataka ujue hivyo: mara ya kwanza nilifanya kazi safi. Nikatazama. Sekunde nne nukta nne moja. Kwenye matope, kwa viatu vya mtu mwingine. Nikaigeuza saa kwenye mwanga, nikatazama tena. Nne nukta nne moja. Nimepima vijana miaka thelathini na minane, sikuwahi kuiona namba ile kabla, wala sikuiona tena baadaye.

Nikainua macho, nikamwona Baba anatabasamu. Hakuijua namba, na hakuihitaji, alikuwa amekuona ukipita. Niliyaona meno yake, Cleophus. Meno yale nilikuwa nayaona kwenye harusi na kwenye mazishi ya watu waliomdai. Kidole gumba changu kikarudisha mshale kwenye sifuri.

"Kidole kimeteleza," nikasema. "Sikuipata. Arudie."

Bwana Haskell akakunja uso. "Kimeteleza, Profesa?"

"Matope."

Nawe ukasimama mikono kiunoni, ukihema, ukanipigia kelele, "Kaka, uzee huo! Hata kidole sasa kinataka miwani?"

Baba akacheka kwa sauti. Kama kulikuwa na chembe ya huruma iliyobaki ndani yangu, kicheko kile kiliimaliza.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye dhambi yenyewe, na ni dhambi ya mtu wa riadha. Kwetu sisi, mpima muda hubonyeza bastola inapolia. Katika yadi zenu arobaini mkimbiaji huondoka anapotaka mwenyewe, na saa huanza anapoanza yeye. Tofauti ya hizo mbili ni ule muda ambao sikio linautumia kuuambia mguu, kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Mkulima hawezi kufanya lolote na muda huo. Mbeba mpira anaweza kupoteza maisha yake ndani yake. Nilikuambia, "Safari hii ondoka kwa filimbi," na nikapuliza na kubonyeza kwa pumzi moja. Hukuwa umezoea, mguu ukateleza, na wakati unapita mstari niliuacha mkono wangu ulale kidogo, muda wa kupepesa jicho. Nikasoma kwa sauti ya darasani: "Nne nukta sita tisa."

Bwana Haskell akaandika. Akasema taratibu, "Niliambiwa ana mbio kuliko hapo."

Nikamwambia, "Watu wa kijijini hutia chumvi."

Baba akavaa kofia akarudi kiwandani. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na raha yake ilidumu mpaka alipofika kwenye kona ya barabara. Hata udhuru nilikuwa nao tayari: kwamba ni mazoea, kwamba mimi mtu wa riadha nilipima kiriadha bila kufikiri. Nimejisimulia udhuru huo miaka arobaini na sita na ushee. Mtu wa mazoea asingesubiri aione kwanza namba ya kweli ndipo ayakumbuke mazoea yake.

Siku mbili za uteuzi wa wachezaji, Januari ile, unazikumbuka kuliko mimi. Timu ishirini na sita zilichagua kwa zamu, majina zaidi ya mia nne. Mama alikaanga kambare wa kulisha mtaa mzima, nao mtaa mzima ukaja. Simu ililia mara tatu, na mara zote tatu alikuwa Shangazi Dovie akiuliza kama simu imelia. Jioni ya siku ya pili watu walianza kuondoka mmoja mmoja bila kuaga, kama wanavyofanya kwenye nyumba ya msiba. Ukaja kukaa karibu nami kwenye ngazi za baraza. Ukaniuliza, bila hasira hata kidogo, "Kaka, ulinipima sawa?"

Nikasema, "Saa haina ndugu."

Uliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa kitu cha kushika.

Uliandika barua kwa timu zote ishirini na sita kwa mkono wako, nami nikakaa mezani nikakusahihishia herufi. Mbili zilijibu, zote kwa kukutakia heri. Ukapanda basi kwenda Kanada kwenye majaribio ya watu wasiojulikana, na Regina wakakuchukua. Miaka miwili uliubeba mpira katika baridi ambayo Mama aliisoma kwenye barua zako akafunga dirisha. Goti lako lilivunjika huko. Kisha ukarudi huku Marekani kujaribu tena, ukatumwa nyumbani mara mbili, na mara ya tatu wakakubakiza kwa kuwa ulikubali kazi wasiyoitaka wenzako, kuukimbilia mpira uliopigwa teke na kugonga watu. Mbeba mpira wa kwanza akaumia mguu, ukaingia, na hukutoka tena kwa misimu saba.

Hukuwa nyota. Naandika hivyo na kalamu inafurahi, unaona nilivyo? Lakini yadi zile mbili ngumu ambazo kila mtu uwanjani anajua nani atapewa, walikupa wewe, nawe ulizipata.

Kila Jumapili baada ya ibada sebule yangu ilijaa, kwa sababu nilikuwa na televisheni kubwa kuliko zote upande wetu wa reli. Watu walisema, tazama kaka mtu anavyojivuna na mdogo wake. Cleophus, niliinunua ile televisheni nikuone ukiangusha mpira. Uliangusha mara kumi na nne katika misimu saba, na naweza kukutajia kila moja, dhidi ya nani na hali ya hewa ilikuwaje. Novemba mwaka 1978, kwenye theluji, ulikuwa umebakiwa na yadi mbili kuvuka mstari wao, mpira ukakuponyoka. Sebule nzima ilishika vichwa. Nikaenda jikoni kama mtu anayetaka maji, nikajiona kwenye kioo cha dirisha. Nilikuwa natabasamu, na meno yalikuwa ya Baba.

Mwaka 1980 alipolala kitanda kile cha mwisho, mimi ndiye niliyemnyoa kila asubuhi. Nilimkata kucha, nilimgeuza, nilimlisha supu kwa kijiko cha chai. Jumanne moja alifumbua macho akaniuliza, "Mbu anacheza leo?" Nikamwambia, "Leo Jumanne, Baba." Akasema, "Basi nitasubiri." Hakufika Jumapili. Nilikuwa nimekaa karibu naye wiki sita, naye alikuwa akisubiri mtu aliyekuwa mbali.

Ulipostaafu ukaanza kualikwa mashuleni, na kila uliposimama ulisema maneno yale. "Kaka yangu, mtu mkweli kuliko wote niliowajua, aliniambia saa haina ndugu. Basi nikaacha kulalamika nikaanza kukimbia." Watoto waliyaandika kwenye madaftari. Shule yetu iliyachora ukutani, herufi nyekundu zenye urefu wa mtoto, karibu na mlango wangu wa darasa, na jina lako chini yake. Nilipita pale kila asubuhi mpaka nilipostaafu. Unadhani niliona aibu? Niliona wivu. Uongo wangu ulipendeza kinywani mwako kuliko kweli yoyote niliyofundisha maisha yangu yote. Hata dhambi yangu ilipoingia mikononi mwako, uliibeba ukavuka nayo mstari.

Najua utakachofanya. Utaanza kunitafutia udhuru kabla hujaikunja barua. Utasema, Kaka, bila Kanada nisingempata Lorna. Usinipe hilo. Sikukutuma kwa Lorna. Nilikutuma shimoni, na ulichokikuta huko ni chako. Ukitaka kuhesabu sawasawa, hesabu goti. Hesabu ile miaka mitatu ambayo Mama aliendelea kusugua sakafu za watu, na angepumzika kama ungeteuliwa. Hesabu uso wa Baba alipokuwa anavaa kofia yake. Aliamini mpaka anakufa kwamba alikosea siku ile, kwamba macho yake yalimdanganya. Hayakumdanganya. Yeye bila saa alikupima sawa kuliko mimi niliyekuwa nayo.

Kwa hiyo namba ni hiyo, nne nukta nne moja. Ni yako. Nimekaa nayo peke yangu tangu siku ile, kama mtu aliyeficha pete ya nduguye chini ya ulimi, na nitakuambia jambo la mwisho la aibu: inaniuma kukurudishia. Kitu kimoja chako nilikuwa nacho mimi tu, na dunia nzima haikuwa nacho. Jana niliichana karatasi ya kwanza ya barua hii kwa ajili hiyo tu. Nadine alikuta vipande akaniuliza naandika nini kigumu hivyo. Nikamwambia hesabu.

Kuhusu sherehe, mchague Ouida. Atasema kwa sauti kubwa na hatamaliza kwa wakati, lakini hajawahi kukutendea ubaya. Habari ya saa amua mwenyewe. Ukiisimulia kama ilivyokuwa, itaje na jina langu, Lemuel Tarver, mwalimu, ili vijana wajue kwamba mtu anaweza kuwa na sifa ya haki na akaitumia kama kisu. Ukiamua kunyamaza, nyamaza kwa sababu zako, si kwa kunilinda. Nimelindwa vya kutosha.

Ninalokuomba ni moja. Usiharakishe kunisamehe. Nakujua: utashika simu kabla chai haijapoa, utalia, utasema yamekwisha, na watu wa huku watasikia na kusema, jamani, moyo wa Mbu! Nami nitalala hapa, pumzi zikihesabika, nikiuonea wivu moyo huo. Usinifanyie hivyo. Kasirika kwanza. Vunja kitu. Katika miaka sitini na minane hujawahi kunikasirikia, ulinipa heshima ya kaka mkubwa kila siku, na kila siku niliipokea kama mwizi. Nipigie simu unitukane kama ndugu wanavyotukanana. Nikifa kabla hujamaliza hasira yako, basi uimalizie kaburini kwangu bila haraka, na msamaha ukija, uje kwa mwendo wa kutembea. Kwa mara moja katika maisha yetu, Cleophus, usikimbie.

Nisalimie sana Lorna, umwambie dawa yake ya presha ni ya kila siku, si ya siku za kuumwa kichwa. Salamu kwa Dale na mkewe, na kwa Annette na wale mapacha wake ambao sitawaona. Ouida na Nadine wanakusalimu, ingawa hawajui ninachokiandika. Bahasha hii nitaifunga mwenyewe. Mungu alilinde goti lako katika barafu ya mwaka huu, akupe nyumba yenye joto na usingizi mzito, na akupe siku nyingi kuliko zangu. Hizo, kwa kweli, sikuonei wivu.

Wako akupendaye, kwa shida na kwa kuchelewa,
kaka yako,

Lemuel